Nakshi Ndani ya Diski

Waridi aliingia soko la Kwa Siyoni akiwa amebeba kompyuta mgongoni. Alikuwa ameifunga kwa kitenge cha kijani chenye samaki wa njano, fundo moja kifuani na jingine kiunoni, kama mama anavyombeba mtoto aliyekesha akilia. Wauza vikombe walimpisha. Mama mmoja muuza samaki wadogo wa ndagala aliinuka kuchungulia uso wa mtoto, akaona waya unaning'inia, akarudi kukaa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, kiangazi, na vumbi lilikuwa jepesi kiasi cha kukataa kutua. Jua lilipenya paa likaangusha mwanga wa rangi ya chai juu ya vichwa vya watu. Ndani ya mwanga huo Waridi alitembea kama mtu anayepita ndotoni na hataki kuamshwa. Gauni lake lilikuwa la buluu iliyopauka, lakini shingoni lilikuwa na nakshi ya uzi mweupe iliyopanda hadi begani kama mmea unaotafuta dirisha. Hata wenye haraka waligeuka kuitazama nakshi ile.

Djibril hakugeukia nakshi. Aligeukia waya.

"Dada," alisema kutoka nyuma ya meza yake, "huyo mutoto wako ana miaka ngapi?"

"Saba," Waridi alijibu, hata tabasamu hakutoa.

"Anaumwa nini?"

"Anakohoa. Tangu juzi. Nikimuwasha anagonga ndani, tak, tak, tak, kisha ananyamaza."

"Na baba yake anasema nini?"

"Hana baba. Ana babu. Na babu hapendi mafundi wa maswali mengi."

Lisette, aliyeuza vifuniko vya simu kwenye meza ya jirani, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mnene, mwenye kucha za dhahabu, na tangu apange meza pale hakuwahi kumwona Djibril akikosa jibu. "Leo umepata mwenzako, sha," alimwambia.

Djibril alikuwa na miaka ishirini na tisa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Shingoni, kwa kamba nyeusi, alivaa klé ya USB, kijiti kidogo cha kubebea faili, mahali ambapo wengine huvaa msalaba au hirizi. Hakuna shule iliyomfundisha kazi. Alijifunza kwa kuua mashine zake mwenyewe mpaka zilipokubali kufufuka, na hilo alimwambia kila mteja kabla hajaulizwa.

Aliipokea kompyuta kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akachomeka klé yake.

"Tazama. Mashine yako imezoea kuamukia ku diski yake. Leo tunaiamusha ku klé. Diski inabaki imelala, na sisi tunaipima palepale kitandani. Huwezi kupima moyo wa mutu anayekimbia."

Kioo kikawa cheusi. Kisha herufi nyeupe zikaanza kushuka, mstari juu ya mstari, kama mvua inayoonekana mbali upande wa Uvira, isiyo na sauti. Waridi akashika ukingo wa meza.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Vimelala. Hapa tuko nyumbani kwa klé, si nyumbani kwako. Usiogope."

"Mi siogopi. Nauliza."

Djibril alisoma namba zilizotokea, kisha akazisoma tena.

"Diski ni kama mutaa," alisema. "Nyumba nyingi, milioni na milioni. Hapa kwako nyumba mia tatu zimeanguka, na zingine zinatikisika. Mashine inagonga kwa sababu inabisha hodi ku nyumba ambayo haiko tena. Ndani umeweka nini?"

"Macho ya baba yangu."

Alilisema polepole, kisha akaeleza, kwa sababu yule fundi aliacha kutabasamu na akaonekana anasikiliza kweli. Baba yake, Mzee Yahaya, alitarizi kanzu na bubu, yale magauni mapana ya kitambaa cha bazini, kwa miaka arubaini. Michoro yote aliichora kwa mkono wake, kila shingo na kila pindo. Ugonjwa wa presha ya macho ulipoanza kumfungia dunia, Waridi alikaa miaka saba akiingiza michoro ile kwenye kompyuta, mmoja baada ya mwingine, ili mashine ya kutarizi iisome. Kisha ziwa likapanda. Nyumba yao ya Kajaga iliingiliwa na maji, karatasi zote zikawa uji, wakahamia Buyenzi na kompyuta hii tu. Mzee sasa haoni hata kivuli. Nakshi mia mbili na kumi na mbili, na hakuna mkono wa kuzichora tena.

"Na nakala?"

"Ilikuwa ku klé ya binamu yangu. Aliifuta aweke nyimbo."

Djibril alifumba macho kama mtu aliyepigwa. "Sawa. Sikiliza. Natafuta diski mupya, ndugu ya hii, ukubwa uleule. Kwanza naijaribu hiyo mupya: naandika juu yake yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha naisoma tena. Diski mupya nayo inaweza kuwa mwongo. Ikipita, nahamisha nakshi zako. Mpaka hapo, mutu asiiwashe hii ya zamani."

"Nikuamini?"

"Uliza soko lote. Djibril hajawahi kupoteza faili ya mutu."

Waridi alikunja kitenge chake mara nne, polepole. "Mi siulizi soko," alisema. "Nakuuliza wewe."

Na baada ya yeye kuondoka Djibril alibaki akitazama herufi zinashuka, bila kuzisoma.

Diski mpya ilichelewa kufika siku nne, na katika siku hizo nne simu zilifanya kazi ambayo macho hayakupata nafasi kuifanya.

"Allo, fundi. Mutoto wangu amekula?"

"Amelala, mama yake. Nimemufunika."

"Ametapika?"

"Apana. Lakini anakuita."

"Ananiita vipi?"

"Anasema: Waridi, njoo jioni saa kumi, fundi amechoka kukaa na mimi peke yake."

"Huyo si mutoto wangu. Mutoto wangu hasemi uongo."

Siku ya tatu walienda Kajaga. Alasiri ilikuwa pana na tulivu. Waridi alivaa libaya la zambarau, blauzi ya kitenge, na kilemba kilichofungwa upande. Djibril alivaa viatu vipya, akavivua baada ya hatua kumi mchangani. Walikula samaki mukeke wa kuchoma kwa vidole. Ng'ambo ya maji milima ya Kongo ilikuwa ya samawati iliyofifia, kama mtu aliichora kisha akaipitishia kiganja.

"Nyumba yetu ilikuwa pale," Waridi alionyesha matete. "Chumba cha baba ni pale ndege amesimama."

Djibril alimtazama ndege. "Ana bahati. Anakaa bila kulipa."

"We, kila kitu unakitia muchezo?"

"Si kila kitu." Alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Diski yako sijaitia muchezo. Nasikia ile sauti inavyogonga, Waridi, naisikia hata nikila."

Waridi alimsogezea kipande cha samaki kisicho na mwiba, na ziwa likaendelea kupumua miguuni mwao. Walirudi mjini jua likiwa bado juu, na wote wawili walihisi kwamba barabara ilikuwa fupi kuliko walipokuja.

Jumamosi asubuhi diski mpya ilifika. Djibril alizilaza mbili mezani, zinafanana kama mapacha, akaziunganisha zote kwenye mashine yake ili jaribio likipita ahamishe palepale, akaamsha klé. Klé huziita diski kwa herufi. Asubuhi ile ya zamani iliitwa A, mpya ikaitwa B. Djibril alikuwa na sheria moja ambayo aliihubiri sokoni kote: kabla ya kuamuru diski iandikwe upya, soma namba iliyo kwenye karatasi yake, kisha soma namba iliyo kwenye kioo, zikifanana ndipo ubonyeze. Akasoma. Zikafanana. Akabonyeza. Jaribio likaanza kutembea juu ya diski mpya.

Saa tano umeme ukakatika. Soko zima likaguna, kisha likazoea. Ulirudi baada ya dakika ishirini, na Djibril akaamsha klé upya. Wakati huohuo simu ikalia.

"Docteur wa mabati," sauti ya Waridi ilisema, "umeamuka?"

"Nilikuwa sijaamuka mpaka sasa."

"Baba ameniuliza jana nilikuwa wapi. Nikasema Kajaga. Akauliza na nani. Nikasema na ndege."

"Ndege wa aina gani?"

"Wa shati jeupe. Anayependa kusemasema."

Djibril alicheka, simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio, na vidole vyake viliandika B, vikabonyeza. Namba hakuisoma. Klé hugawa herufi kwa kadiri inavyokutana na diski, na mara hii ilikutana na ile mpya kwanza. Iliyoitwa B sasa ilikuwa ile ya zamani, yenye macho ya Mzee Yahaya.

Walizungumza dakika arubaini. Walizungumza juu ya uzi wa dhahabu unaokatika kwenye joto, juu ya jina la utani la shule, juu ya kama mtu anaweza kumkumbuka mtu ambaye ameonana naye mara mbili tu. Alipokata simu Djibril alikuwa na furaha inayoelea. Kwa mazoea alinyoosha kiganja kuigusa diski mpya ajue kama imepata joto la kazi.

Ilikuwa baridi.

Akagusa ya zamani. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai.

Alichomoa waya kwa nguvu iliyoitikisa meza. Lisette aligeuka. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Djibril alisema. Na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza.

Jumapili na Jumatatu hakutoka kwenye kiti. Aliamsha klé, akaipekua diski ile nyumba kwa nyumba, akiokota kilichobaki nyuma ya mahali jaribio lilipoishia. Alipata nakshi arubaini na nne. Nyingine mia moja na sitini na nane zilikuwa zimegeuka sifuri tupu, safu ndefu za sifuri, nyeupe, safi, kama shuka la hospitali.

Simu za Waridi zilianza kupokelewa kwa neno moja.

"Bado?"

"Bado."

"Djibril, uko mugonjwa?"

"Apana. Kazi nyingi."

Kiburi ni mnyama anayekula mwenye nyumba kwanza. Djibril angeweza kusema. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara mbili alisikia sauti yake mwenyewe ikitangaza sokoni kwamba hajawahi kupoteza faili ya mtu, akaufunga. Akajiambia atazirudisha kwanza, ndipo aseme. Faili zimekufa, lakini nguo ziko hai, zimevaliwa na watu, zimetunzwa katika masanduku ya mji huu. Akaanza kuzitafuta. Aliuliza misikitini, aliuliza kwa mafundi cherehani, na Jumapili ya juma lililofuata alipanda hadi Kinama kwa Geneviève, mshonaji ambaye miaka kumi nyuma alimnunulia binti yake bubu la arusi kwa Mzee Yahaya. Djibril alilitandaza bubu lile juu ya ukuta wa nje apate mwanga, akaanza kulipiga picha shingoni, uzi kwa uzi.

Lisette alikaa Kinama. Alikuwa anatoka dukani na mkate kwapani alipowaona: Djibril, mwanamke mshonaji, na katikati yao nakshi. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa na simu tu, na namba ya Waridi, ambaye kwa siku hizo alikuwa amezoea kumpigia amuulize habari za Djibril.

"Ma sheri, mi sitaki fujo," alisema. "Lakini fundi wako nimemuona huku na mama mushonaji. Wanapiga picha nakshi. Mi nilidhani hizo ni za baba yako peke yake."

Waridi alifika sokoni kesho yake bila kunawa uso vizuri, kilemba kimelegea. Hakusalimia.

"Umeziuza kwa pesa ngapi?"

Djibril alisimama. "Kuuza nini?"

"Nakshi za baba yangu. Siku tisa unaniambia bado, bado. Kumbe uko Kinama unazipeleka kwa washonaji. Nikaja hapa nimekubebea mutoto mugongoni, na we ulikuwa unanipimia urefu wa ujinga."

Watu walikuwa wamesimama. Djibril aliyajua macho yale. Miaka yote aliishi kwa ajili yao. Angeweza kukasirika, na kwa kweli hasira ilimpanda, kwa sababu mwizi hakuwa. Akaiacha ipite.

"Sijauza," alisema. "Nimefuta."

"Nini?"

"Nimezifuta mwenyewe. Jumamosi ile diski mupya ilipofika, umeme uliporudi. Niliamuru diski iandikwe upya na sikusoma namba. Nilikuwa nazungumza na wewe. Zimebaki arubaini na nne. Kinama nilienda kutafuta nguo, nizichore tena kabla hujajua."

Waridi alimtazama, na uso wake haukuwa tena wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ungekuwa mwizi ningekudai," alisema. "Ningekwambia rudisha. Sasa we, nikudai nini?"

"Waridi."

"Usiniite. Siku tisa umeniita na ulikuwa unajua."

Aliondoka. Lisette alikaa nyuma ya vifuniko vyake vya simu akitazama kucha zake, na siku hiyo hakumtania mtu.

Nyumbani kwao, barabara ya kumi na sita ya Buyenzi, Waridi alimwambia baba yake yote. Mzee Yahaya alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia iliyonyooka na ulimi mkali. Alisikiliza akinywa chai.

"Ngapi zimepotea?"

"Mia moja na sitini na nane, baba."

"Lile pindo la majani ya mihogo limo?"

"Limo."

"Alhamdulillahi. Lile lilikuwa baya, mama. Nililichora nikiwa na homa, na watu wakalipenda kunikomoa."

Kisha akageuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa, na Waridi aliona kwamba mzaha ule ulikuwa umemgharimu.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, hodi ilibishwa. Ilikuwa sauti ya Djibril. Waridi aliingia chumbani akashusha pazia.

"Mzee, shikamoo. Mimi ndiye niliyefuta."

"Marahaba. Najua. Umeleta nini? Nasikia mufuko."

"Bubu la Kinama. Na kanzu mbili za Gihosha, za ndugu wawili waliooa siku moja. Nimeziazima. Nataka kuzichora, lakini uzi mwingine umekatika, sijui ulikuwa unapita wapi. Nikikosea tena ni afadhali niache."

Mzee Yahaya alinyoosha mikono. Djibril akaweka kanzu magotini pake. Vidole vya mzee vilitembea juu ya shingo ile, polepole, vikasimama, vikarudi nyuma, vikaenda tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Hii ni ya mwaka wa mvua nyingi," alisema. "Hapa nilizungusha mara tatu. Uzi umekatika lakini tundu la sindano liko. Andika: tatu, kisha shuka mbili."

Djibril aliandika. Alikuja kesho yake na nguo nyingine, na kesho yake tena. Alitembea mji mzima, akabisha milango ya watu wasiomjua, akasema maneno yaleyale: mimi nimeharibu kazi ya Mzee Yahaya, naomba niazime vazi lako. Kila mara yalimchoma, na kila mara yalimchoma kidogo zaidi ya alivyotarajia, lakini aliyasema. Na watu walitoa. Walitoa kutoka kwenye masanduku yenye harufu ya udi na karafuu, mavazi ya arusi, ya Idi, moja la marehemu lililokunjwa ndani ya gazeti.

Waridi alikaa nyuma ya pazia siku zote hizo. Alisema anapanga nyuzi. Aliwasikia wawili wale, mmoja akisema namba na mwingine akiandika, na sauti zao zilimfikia kama mtu anayesikia mvua akiwa katikati ya usingizi.

Siku ya sita Mzee Yahaya alishika bubu la pinki.

"Hili namukumbuka mwenye vazi. Majani ni ya uzi mweupe, ua la katikati jeupe pia."

Djibril akatazama nguo, akasita. Rangi ilikuwa imefuliwa mpaka imekwisha, hakuna aliyeweza kujua. Akaanza kuandika: ua jeupe.

"Njano," pazia lilisema.

Kalamu ya Djibril ikasimama.

"Ua ni la njano, baba. Nilikuwa nakuchomekea uzi mimi. Ulikuwa tayari huoni njano vizuri, ukaniuliza mara mbili."

"Basi toka huko uje useme vizuri," Mzee Yahaya alisema. "Shingo yangu inauma kuzungumza na kitambaa."

Waridi alitoka. Alikuwa na gauni la nyumbani na uzi umemganda kwenye mkono. Djibril alikuwa amekonda, na shati lake kwa mara ya kwanza halikuwa na pasi.

"Umekaa vibaya," Waridi alimwambia. "Mwanga unakupita nyuma. Sogea."

Akasogea.

Tangu siku ile walifanya kazi watatu. Djibril alileta mashine yake na diski mpya, ile ile ambayo jaribio lake halijakwisha, na jioni ya kwanza alichomeka klé na kuiamsha. Herufi nyeupe zikashuka. Alipofika mahali pa kuamuru alitoa mikono yake kwenye vibonyezo, akaiweka magotini.

"Isome wewe," alisema.

"Nisome nini?"

"Namba iliyo ku karatasi ya diski. Mimi nisome ya kioo. Sitabonyeza mpaka useme."

Waridi aliinama juu ya diski, karibu kiasi kwamba Djibril alisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake. "Saba, sifuri, tisa, K," alisoma.

"Saba, sifuri, tisa, K."

"Bonyeza."

Hawakuwa na neno la mapenzi kwa juma zima zaidi ya namba zile. Kila kabla ya kuandika, kila kabla ya kuhamisha, mmoja alisoma na mwingine akaitikia. Jaribio lilipita bila nyumba hata moja kuanguka. Nakshi zikaanza kuingia: arubaini na nne zilizookoka, kisha zile zilizorudishwa kutoka kwenye nguo, sitini, tisini, mia. Kila Ijumaa Djibril aliiamsha mashine kwa klé, akaipima diski, akamsomea Waridi hali yake kama anavyosomewa mama habari za mtoto, na nakala mbili zikawekwa, moja kwa Lisette, ambaye aliapa kwa jina la Yesu kwamba hataweka nyimbo.

"Bado nina hasira," Waridi alisema siku moja, bila kuinua macho kwenye kazi.

"Najua."

"Si kwa kufuta. Kufuta ni mukono. Nina hasira ya zile siku tisa."

"Hizo sina pa kuzinunulia," Djibril alisema. "Ningekuwa nazo ningekurudishia."

Waridi alikata uzi kwa meno. Hakusema amesamehe. Lakini siku hiyo alimwekea chai kwenye kikombe cha wageni cha maua, si kile cha bati.

Mvua za kwanza zilifika. Waliacha kuhesabu walipofika mia moja na sabini na tano, kwa kuwa milango yote waliyoijua walikuwa wameshaibisha. Nakshi thelathini na saba hazikupatikana. Mzee Yahaya alizitaja chache kwa majina, kisha akaacha.

Alasiri moja Djibril alifika, maji yakimchuruzika kwenye mashavu, akaona kwenye kioo nakshi asiyoifahamu. Kwa sasa alizijua zote. Hii ilikuwa na mistari miwili iliyotoka mabegani, ikashuka kila mmoja kwa mwendo wake, ikakutana kifuani bila fundo.

"Hii imetoka ku nguo ya nani?"

"Haikutoka ku nguo."

"Mzee ameikumbuka?"

"Mzee hajawahi kuijua. Nimeichora mi, jana." Waridi alikuwa anatazama mikono yake. Miaka saba alikuwa ameingiza mistari ya mwingine, na hata mmoja wake hakuwahi kuuweka. Hapakuwa na nafasi. "Zimebaki nafasi thelathini na saba. Nimeona nizijaze."

"Ni nzuri," Djibril alisema. Kisha, kwa kuwa lile lilikuwa neno dogo: "Ni nzuri kuliko majani ya mihogo."

"Hiyo si sifa, sha."

"Ni ya vazi gani?"

"Kanzu ya bwana arusi."

"Bwana arusi gani?"

"Sijui." Waridi alizungusha kiti chake taratibu mpaka akamwelekea. "Hajaleta watu kwa baba. Nimechora tu. Kipimo chake sina."

Mvua ilipiga mabati. Mtu ambaye soko zima lilimjua kwa kusema alisimama katikati ya chumba kile, maji yakidondoka kwenye mikono ya shati lake, akajipima bega kwa kiganja.

"Bega langu," alisema, "ni arubaini na sita."

"Arubaini na tano," Waridi alisema.

Juma lililofuata Tajudini, mjomba wake Djibril, fundi magari mwenye mikono isiyotakata kwa sabuni yoyote, aliketi kwenye mkeka wa Mzee Yahaya. Djibril alikaa pembeni yake, magoti yamekusanywa. Tajudini alisema maneno ya posa kama yalivyo, kwa heshima na marefu yake. Mzee Yahaya alingoja yaishe.

"Nimesikia," alisema. "Nina swali moja. Kijana wako akikosea, anakaa siku ngapi kabla hajasema?"

Tajudini alimgeukia mpwa wake. Hilo hawakuwa wamelipanga.

"Ile mara nilikaa tisa, mzee," Djibril alisema.

"Na sasa?"

"Sasa siwezi hata moja. Juzi nilivunja kikombe chenu cha maua. Nilimuambia Waridi kabla vipande havijatulia."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akaziba mdomo, akachelewa. Mzee Yahaya alisikiliza kicheko kile mpaka mwisho wake, kama alivyosikiliza nyuzi.

"Waridi," aliita, "leta chai. Na ulete futi, huyu apimwe bega."